Hamu ya tendo la ndoa imebadilika tangu uanze dawa? Fuata hatua hizi

Mimi ni muuguzi Busia, upande wa Uganda, na kuna swali ambalo hunifikia mtu akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Presha imepimwa, dawa kapewa, kaaga. Kisha anageuka na kushusha sauti: "Sista, kuna kajambo kadogo." Hako kajambo ndiko kalikomtoa nyumbani asubuhi.

Maswali ni yale yale. Dawa ya presha imeniua nguvu? Sindano ya uzazi wa mpango imenizima? Nikiacha vidonge, hamu itarudi? Huuliza dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpaka, huuliza mama wa sokoni, na hivi karibuni kauliza mzee wa miaka 70 aliyekuja na mkewe, tena mke ndiye aliyeanza kusema. Jibu lake haliishi mlangoni, ndiyo maana nimeliandika.

Kabla hujaenda mbele: usiache dawa yoyote leo kwa sababu ya utakachosoma hapa. Soma mpaka mwisho kwanza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari. Lile la shule unalobeba kwenda kituo cha afya linatosha, ila andikia kurasa za nyuma ili anayeandika vipimo mbele asiyasome ya ndani kabla hujawa tayari.
- Majina kamili ya dawa zako zote. Hapa wengi hukwama. Kabahasha kameandikwa "1x2" basi, na ndani mna vidonge vyeupe visivyo na jina. Rudi ulikopewa, omba waandike jina la dawa na uzito wake kwa miligramu. Ni haki yako, na ni kazi ya nusu dakika.
- Tarehe ulipoanza kila dawa. Kama huikumbuki, "wiki baada ya Idi" au "shule zilipofunguliwa" inatosha.
- Kipimo cha presha na cha sukari cha karibuni.
- Wiki mbili za kuandika bila kujihukumu.

Majina ya dawa nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye pakiti, uweze kulinganisha herufi kwa herufi.

Hatua ya 1: Taja kilichobadilika hasa

"Sina nguvu" halinisaidii. Chini ya neno hilo kuna mambo manne, na kila moja lina dawa zake za kushukiwa:

a) Hamu yenyewe: huwazi tendo, hulitaki, ukiguswa unahesabu mabati.
b) Mwili kuitika: kwa mwanaume uume hausimami au unalala njiani, kwa mwanamke uke ni mkavu na tendo linauma.
c) Kufika kileleni: kunachelewa mno au hakuji kabisa.
d) Uzazi: mbegu au mayai. Hili ni jambo la kando. Mtu anaweza kuwa na hamu ya kutosha na asiwe na mbegu hata moja. Mwaka 1977 huko California iligunduliwa kwamba wanaume waliofanya kazi kiwandani na kiuatilifu kiitwacho DBCP mbegu zao zilipungua sana au kuisha kabisa. Walichogundua wao kwanza ni kwamba watoto hawaji.

Weka alama kwenye a, b, c au d. Zikiwa mbili, andika ipi ilianza. Mwenye (b) peke yake, baada ya miezi kadhaa ya kuaibika, hupata na (a), kwa sababu hakuna anayetamani kurudi mahali anapoaibikia.

Hatua ya 2: Orodhesha kila kinachoingia mwilini

Namaanisha kila kitu, si vya hospitali tu. Vidonge, sindano, kijiti cha mkononi, mizizi, unga wa kuchanganya na chai, waragi (pombe kali ya kwetu), sigara, mairungi (miraa), bangi, vidonge vya kunenepesha makalio, sindano za gym, dawa unazopulizia nyanya. Dawa ya mafua nayo iandike, maana Piriton hukausha pua na inaweza kukausha na kwingine.

Wanaoficha kitu kwenye orodha hii huficha hasa kile chenyewe. Madereva hunitajia dawa za presha zote na kuiacha tramadol, dawa ya maumivu ambayo wengine huimeza kwa makusudi ili wachelewe kumaliza. Tramadol ni ndugu wa mofini. Ukiizoea, homoni ya kiume hushuka, na ulichokuwa unakirefusha kinakosekana.

Hatua ya 3: Panga tarehe

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote. Huu hapa ukurasa wa mtu mmoja, kwa ruhusa yake, nimebadilisha tarehe tu:

*3 Februari: presha 168/102. Nimeanza atenolol na bendroflumethiazide.*
*Kama 20 Februari: hamu ipo, uume haushiki.*
*Machi: waragi kila jioni ili nisahau.*
*10 Aprili: rafiki kanipa unga wa nguvu za kiume. Umefanya kazi, lakini kichwa kinapasuka.*
*Mei: sitaki hata kuguswa.*

Tazama jinsi ukurasa unavyosema wenyewe. Tatizo lilikuja ndani ya wiki tatu za dawa mbili zilizoanza siku moja, na zote mbili zinajulikana kwa jambo hilo. Waragi haikuwa chanzo, ila kufikia Mei imeshakuwa chanzo cha pili. Na ule unga "uliofanya kazi" na kupasua kichwa, nitaurudia chini.

Tatizo likitangulia dawa, dawa haina kesi. Likija wiki chache baada ya kuanza au kuongezewa dozi, ina kesi. Likija baada ya miaka mitatu ya dawa ile ile, tafuta kilichobadilika mwaka huu.

Hatua ya 4: Linganisha na washukiwa

*Presha.* Wanaoshukiwa zaidi ni dawa za kukojoza (bendroflumethiazide, hydrochlorothiazide), atenolol na propranolol, methyldopa, na spironolactone ambayo inaweza pia kuvimbisha matiti ya mwanaume. Amlodipine, nifedipine, captopril, lisinopril na losartan kwa kawaida hazina ugomvi na chumba cha kulala. Kwa hiyo pa kuhamia papo.

Hapa sharti niseme jambo litakalokuudhi. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walichukua wanaume 96 waliokuwa wanaanza atenolol, wakawagawa makundi matatu ya watu 32. Wa kwanza hawakuambiwa wanameza nini: mmoja tu alipata shida ya kusimamisha. Wa pili waliambiwa jina la dawa: 5. Wa tatu waliambiwa jina na kwamba inaweza kuleta shida hiyo: 10. Dawa ilikuwa ile ile. Hofu nayo ni dawa, tena yenye dozi kubwa. Simaanishi shida yako ni ya kubuni. Namaanisha usimruhusu jirani akusomee madhara siku ya kwanza ya kidonge.

*Sonona na wasiwasi.* Fluoxetine, sertraline, paroxetine, citalopram. Alama yao ni (c), kileleni kuchelewa au kupotea, na mara nyingi (a). Amitriptyline nayo imo. Kumbuka sonona yenyewe huanza kwa kuiba hamu, kwa hiyo tazama daftari: ilipotea kabla au baada?

*Magonjwa ya akili.* Haloperidol, chlorpromazine na risperidone hupandisha prolaktini, homoni inayotoa maziwa kwa mama anayenyonyesha. Mwanaume hupoteza hamu, mwanamke hukatika hedhi, na wengine hutokwa maziwa bila kuwa na mtoto. Metoclopramide ya kuzuia kutapika, ikimezwa muda mrefu, hufanya hivyo hivyo. Ukiona maziwa, mueleze musawo (mhudumu wa afya) siku hiyo hiyo. Kuna kipimo cha damu na kuna dawa mbadala.

*Uzazi wa mpango.* Sindano ya miezi 3, kijiti na vidonge vya homoni. Ukweli ni kwamba wanawake hutofautiana sana: wengine hupungukiwa, wengi hawaoni tofauti, na wengine hamu hupanda kwa sababu hofu ya mimba imeondoka. Kama umejifungua na unanyonyesha, kunyonyesha kwenyewe hushusha hamu na kukausha, usiilaumu sindano haraka. Kijiti kinaweza kutolewa siku yoyote. Sindano haitolewi, unasubiri iishe.

*ARV.* Ndizo zinazolaumiwa kuliko zote na mara nyingi kwa uonevu. Efavirenz ya zamani ilivuruga usingizi na kuleta ndoto mbaya, na mtu asiyelala hatamani chochote. Uganda ilianza kuhamia dolutegravir mwaka 2018. Ukiwa bado na malalamiko, peleka kliniki yako. Usiruke hata kidonge kimoja kwa "kujaribu kama ndiyo".

*Nyingine kwa haraka.* Carbamazepine, phenytoin na phenobarbital za kifafa. Cimetidine ya vidonda vya tumbo. Ketoconazole ya kumeza. Mofini ya maji kwa wenye saratani, ambayo sitaki mtu aikatae kwa ajili hii, maana maumivu makali huua hamu kuliko mofini. Dawa kama goserelin za saratani ya tezi dume hushusha homoni ya kiume kwa makusudi, hiyo ndiyo kazi yake.

*Gym na makalio.* Sindano za misuli huufanya mwili uache kutengeneza homoni yake wenyewe. Unapoacha, unabaki na mikono minene na korodani zilizonywea. Vidonge vya kunenepesha mara nyingi huwa na dexamethasone, na aliyevimeza kwa miezi asiache ghafla, anaweza kuzimia.

*Vya mtaani na vya kazini.* Pombe ya kila siku hushusha homoni ya kiume na kuharibu ini. Marufuku ya waragi ya vipakiti ya 2019 haikuigusa ya chupa kubwa wala ya jerikeni. Sigara hubana mishipa inayopeleka damu kule chini. Wanaoyeyusha betri kuukuu wajue kwamba madini ya risasi yaliyomo humo huharibu mbegu na hamu. Wanaopulizia mashamba wavae glavu, barakoa na buti, wasipige dawa upepo ukiwavumia usoni, na waoge kabla ya kumbeba mtoto.

Halafu kuna mafuta ya taa. Kila aliyelala bweni Uganda aliambiwa kwamba jikoni humwaga mafuta ya taa kwenye posho (ugali) ili wanafunzi wasitamaniane. Mafuta ya taa hayapunguzi hamu. Yakiingia mapafuni yanaweza kuua. Usimpe mtu.

Hatua ya 5: Wape nafasi washukiwa wasio dawa

Kisukari huharibu mishipa na neva hata kwa asiyejua anacho, na presha ya juu hufanya vivyo hivyo. Mwanaume ajiulize: uume husimama usingizini au alfajiri? Ukisimama vizuri alfajiri na kulala mbele ya mkeo, mabomba ni mazima. Angalia hofu, ugomvi, madeni. Usiposimama popote, pima sukari, presha na homoni. Kipimo cha testosterone kichukuliwe asubuhi, kabla ya saa 4, maana jioni hushuka chenyewe na kukudanganya.

Hatua ya 6: Nenda ukaseme

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye kliniki ya binafsi ambayo siitaji, muuza mitumba aliniambia mambo hayajakaa sawa nyumbani. Nilikuwa na foleni. Nikamjibu, "Mzee, ni umri." Alikuwa na miaka 46. Alirudi baada ya miezi miwili akitokwa damu puani, presha 210 kwa 130. Vidonge alikuwa amevitupa kwenye choo cha shimo wiki ile ile, na sikumuuliza hata anameza nini. Tangu hapo huwa nauliza mimi kwanza.

Usingoje kuulizwa, wala kitasa. Sema ukikaa, maneno ya kwanza: "Musawo, tangu tarehe fulani nilipoanza dawa fulani, nina shida hii. Sijaacha dawa. Je, kuna nyingine?" Ile "sijaacha dawa" hubadilisha mazungumzo yote, kwa sababu woga wetu wa kwanza ni kwamba umeshaacha. Kama ni aibu kutamka, mpe daftari lifunguliwe ukurasa wa nyuma. Mwanamke anaweza kuomba muuguzi wa kike, hakuna atakayemshangaa.

Musawo ana njia nne: kupunguza dozi, kuhamishia dawa nyingine, kusubiri wiki kadhaa mwili uzoee, au kuongeza dawa ya kusaidia. Uliza anachagua ipi na kwa nini.

ONYO: Atenolol na propranolol zikiachwa ghafla zinaweza kuamsha maumivu ya kifua hadi shambulio la moyo. Dawa za kifafa zikiachwa ghafla huleta degedege. Za sonona huleta kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani. ARV zikirukwa, virusi hujifunza kuzishinda. Zote hizi hupunguzwa au kubadilishwa na aliyekuandikia.

Hatua ya 7: Badilisha kitu kimoja, kisha ngoja

Wagonjwa wetu wakishapewa ruhusa hubadilisha vyote: kidonge kipya, mzizi wa mulondo, waragi imeachwa, kitanda kimehamishwa. Hamu ikirudi hujui umshukuru nani. Badilisha kimoja. Waragi ndiyo ya kwanza, haihitaji karatasi ya daktari, isipokuwa kama unatetemeka ukiamka bila kuinywa. Huyo aache akiwa chini ya uangalizi.

Kwa dawa ya presha toa wiki 4 hadi 6, na urudi kupimwa presha katikati. Fluoxetine hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Sindano ya uzazi wa mpango ni ya polepole kuliko zote, hata mimba huweza kuchelewa miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Ukitaka njia isiyo na homoni, kuna kitanzi cha shaba, ila hedhi inaweza kuwa nzito.

Mambo yakikwama

*Kituo kina dawa moja tu ya presha.* Hutokea. Omba uandikiwe jina la mbadala ukanunue duka la dawa lenye leseni, na ubaki na zile za kituo mpaka uipate nyingine mkononi. Usikae katikati bila chochote.

*Rafiki ana vidonge vya bluu.* Sildenafil haileti hamu. Hupeleka damu mahali ambapo hamu imeshafika. Ukimeza dawa za moyo za kundi la nitrati, kama isosorbide au glyceryl trinitrate ya chini ya ulimi, mchanganyiko huo unaweza kuangusha presha mpaka ufe. Ukitumia ARV zenye ritonavir, dozi ya kawaida inakuwa kubwa mno.

*Nimetumia mizizi na imefanya kazi ndani ya saa moja.* Mulondo tunautafuna toka enzi za mababu na haujawahi kwenda kwa saa. Unga unaosimamisha kwa dakika 40, ukaumiza kichwa na kuwasha uso moto, pengine umesagiwa sildenafil ndani, na hujui kiasi gani. Ule wa kwenye daftari hapo juu tuliumwaga.

*Uume umesimama na haulali.* Chlorpromazine na trazodone zinaweza kufanya hivi, na vidonge vya nguvu pia. Ukikaa hivyo kwa muda wa saa 4 mfululizo ni dharura, usiku huo huo, hata kama ni kwa boda. Ukingoja asubuhi kwa aibu, unaweza usisimame tena maishani.

*Hamu imepanda kupita kiasi.* Nayo ni madhara. Dawa za ugonjwa wa kutetemeka, levodopa na hasa pramipexole, zinaweza kuleta tamaa isiyozuilika, pamoja na kamari. Mzee aliyekuwa mtulivu akianza kushinda kwenye vibanda vya kubeti na kusumbua wasichana, msimsemee uchawi, peleka orodha ya dawa zake. Na aliyeanza dawa ya sonona, halafu ghafla halali, anaongea mbio, anagawa hela na kutaka tendo kila saa, apelekwe hospitali siku hiyo.

*Musawo amecheka.* Nenda kwa mwingine. Kliniki za ARV na za uzazi wa mpango huzungumza haya kila siku.

*Mke anadhani nina mpango wa kando.* Mpe daftari asome tarehe mwenyewe, kisha njoo naye siku ya miadi. Yule mzee wa miaka 70 alikuwa kimya muda wote. Mkewe ndiye aliyekumbuka kwamba shida ilianza wiki waliyobadilishiwa vidonge vya njano kwa vyeupe.